Pikapu Iliyomlilia Mama Pacha

Jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika, hata mkewe alimwita Fundi Hasi. Alikuwa fundi umeme wa magari, na hakuna gari aliloligusa kabla hajasema, "Hasi kwanza." Hapo hulegeza klipu ya hasi kwenye betri, huivua, huifunika kwa kitambaa, ndipo huuliza mgonjwa anaumwa nini. Madereva wenye haraka walimcheka. Yeye aliwaonyesha kidole chake cha pete, chenye kovu la duara. Zamani pete yake ya ndoa iligusa chanya ya betri huku spana aliyoishika imelalia bodi, na kabla hajamaliza kusema "mama", pete ilikuwa nyekundu kama kaa la moto. Tangu siku hiyo pete inakaa kabatini, na wageni wakija mkewe huwaambia kwamba yeye ameolewa na kapera.

Haya yasemwe mapema, ili ijulikane kwamba hakuwa mtu wa kutishika ovyo. Kazi ilimfundisha kuwa kila kinachowaka chenyewe kina waya. Taa ikiwaka hakuna mtu garini, kuna waya. Wiper zikicheza gari limezimwa, kuna waya. Hata hivyo, mbele ya pikapu ya mdogo wake, nywele zilimsimama kama za mtu mwingine yeyote.

Pikapu ilikuwa imeegeshwa uani kwa mama yao tangu mwenyewe alipofia ndani yake. Mdogo wake huyo alikuwa akihamisha fanicha za watu, mtu wa vicheko na kelele, na kila aliporudi alipiga honi mara mbili fupi, pi-pii, mkewe akimbie kumfungulia geti. Yeye na mkewe walitaniana siku nzima. Mke huyo ndiye Mama Pacha, mkwe aliyekuwa akiishi na mama mkwe wake nyumba moja, akifua, akichota maji, akipika, na akipendwa kama mkwe apendwavyo, yaani kwa kipimo.

Siku ile ya msiba haikuwa pi-pii. Ilikuwa honi moja ndefu, haikatiki, kama mtu anayetukana. Mama Pacha alikuwa na shuka mkononi na povu mpaka viwikoni. Akakasirika. Akajisemea, leo ashuke afungue mwenyewe. Alisuuza shuka, akalikamua, akalianika, na honi bado inalia. Alipotoka hatimaye alimkuta mumewe ameukumbatia usukani, mlango wazi, mguu mmoja ndani na mwingine nje. Kaka yao mkubwa, aliyekuwa nyumba ya pili, alikuja mbio akamwinua, na honi ikanyamaza. Daktari alisema moyo ulisimama ghafla. Lakini nani anamsikiliza daktari pale ambapo mtaa mzima ulisikia mtu akiomba msaada na mkewe akaendelea kuanika?

Pikapu ilisukumwa ndani ya ua, ikaingizwa kwenye upenyo mwembamba kati ya ukuta na nyumba, njia ya kwenda bombani. Ufunguo ulikaa chini ya mto wa mama yao. Mazishi yakapita. Ndipo, mchana mmoja wa jua kali, wakati kila mtu amejilaza, pikapu ikalia.

Ililia mara moja, ikanyamaza. Waliotoka kuangalia walimwona Mama Pacha amesimama kando yake, ndoo mkononi, midomo imemkauka. Kesho yake ikalia tena, na ni yeye tena. Mama yao akapita kujaribu, kimya. Kaka mkubwa akapita, kimya. Wale pacha, watoto wake, wakatumwa wapite wakikimbia, kimya. Akipita Mama Pacha, inalia. Baada ya hapo hapakuwa na aliyetaka kusogea pale. Watoto walihamisha mchezo wao nyuma ya jiko, na kuku waliokuwa wakilala kivulini mwa gari nao wakatafuta kivuli kingine, ingawa huenda kuku walifuata makombo tu.

"Lisemwalo lipo," alisema jirani mmoja ukutani, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika.

Kaka mkubwa aliitwa Mwenyekiti, kwa kuwa hakuwahi kuona watu watatu wameketi asifungue kikao. Safari hii alikuwa na ajenda. Wajomba na mashangazi wangekuja Jumapili alasiri, na neno lilishapikwa kabla ya kikao: Mama Pacha arudi kwao, watoto wabaki kwa upande wa baba yao. "Kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia mama yake, na mama, aliyekuwa hajalala vizuri tangu azike kitinda mimba wake, hakumpinga.

Fundi Hasi alipata habari Jumapili asubuhi. Alifika na sanduku lake la vifaa, hata chai hakunywa.

"Kaka," alisema, "nipe mpaka wazee wafike."

"Utafanya nini? Utatoa pepo kwa spana?"

"Nitatazama waya."

Mwenyekiti alicheka kwa pua, ila hakukataa. Alikuwa na jambo usoni, Fundi Hasi aliliona, kama mtu aliyemeza mfupa na hataki kukohoa mbele ya watu.

Pikapu ilikuwa na vumbi la kutosha kuandikia jina, na hapakuwa na alama ya kidole hata moja. Fundi Hasi alisugua mikono, akafungua boneti, akaisimamisha kwa fimbo yake. Alikuwa ameinama kutafuta spana ya kufungulia hasi aliposikia nyayo za Mama Pacha zikipita upande wa pili wa gari, kati ya mlango wa dereva na ukuta. Boneti ilimkinga asimwone. Honi ikalia, pale pale, shibiri moja kutoka sikioni mwake.

Si mlio uliomtisha. Milio ameizoea. Kilichomtisha ni kwamba hakuna mkono, hakuna ufunguo, na sauti ilikuwa ni ile ile ya mdogo wake akirudi nyumbani. Machozi yalimtoka kabla hajaelewa kwa nini. Honi ikakatika, zikasikika nyayo zikienda haraka, maji yakimwagika.

"Hasi kwanza," alijiambia, akafungua klipu.

Akaifunika. Akamwita shemeji yake apite tena na ndoo yake. Alipita. Kimya. Apite tena. Kimya.

"Mama," Fundi Hasi aliita kuelekea barazani, "huyu pepo wako anakula betri!"

"Hata mzimu huingia kwa mlango uliopo," mama yake alijibu bila kugeuka.

Sasa aliweza kuingia. Alipanda kwa upande wa dereva, akikanyaga ngazi ya chuma iliyofungwa chini ya mlango, akaketi alipofia mdogo wake. Siti ilikuwa bado imelala kwa urefu wa miguu ya marehemu. Kulikuwa na harufu ya jasho, ya peremende za mnanaa, na ya mbao za makabati ya watu. Miwani ya jua ilikuwa imening'inia kwenye kioo, ikimtazama. Fundi Hasi aligeuza uso, akabandua kifuniko cha katikati ya usukani, pale watu wanapobonyeza honi.

Waya ulikuwa umekatwa, ncha yake imefungwa vizuri kwa utepe mweusi uliopauka. Kazi ya zamani. Honi ya usukani ilishakufa kabla ya mwenyewe.

Alikaa akiutazama ule utepe. Siku zote familia ilijua kwamba mdogo wake alianguka kwa kifua juu ya usukani, na ndiyo maana honi ililia. Lakini usukani huu, hata umlaze tembo juu yake, haulii. Alipapasa chini ya dashibodi, karibu na goti la kulia, akakipata alichokuwa anakiogopa: kitufe kidogo cha kubonyeza, kama cha kengele ya mlango. Mdogo wake alikifunga mwenyewe, kienyeji, badala ya kumpelekea kaka yake gari. Huenda aliona haya, au alijua angehubiriwa.

Kitufe kinahitaji kidole. Na mwenye kidole juu ya kitufe kwa muda wote ule alikuwa hai, na alikuwa anaita.

Fundi Hasi alishuka akikanyaga ngazi, akapanda tena, akashuka tena, akifuata ule waya wa kitufe kwa tochi, na gari kimya kama kaburi. Mahali ulipotokezea hapakuonekana. Mdogo wake hakutaka kufungua dashibodi, alitoboa chini karibu na mlango, akaupitisha, ukapotelea nje. Jua lilikuwa limeshapinda. Getini wajomba walianza kuingia, wakikohoa kile kikohozi cha watu wanaokuja kuhukumu.

"Umeona nini?" aliuliza Mwenyekiti, amekuja nyuma yake taratibu.

"Bado."

"Uso wako umeona."

"Nimesema bado, kaka." Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumkaripia.

Alikwenda kwenye bomba. Mama Pacha alikuwa akijaza ndoo kwa ajili ya vikombe vya wageni, wageni wale wale waliokuja kumfukuza. Fundi Hasi alitaka kumwuliza mambo ya ufundi, badala yake akasema tu, "Shemeji, unaogopa?"

"Nimezoea sasa," alijibu, macho kwenye maji. "Siku nyingine hunisamehe."

"Nani?"

"Yeye. Siku nyingine napita halii."

"Siku gani hizo?"

Alifikiri. "Nikienda bombani halii kamwe. Nikirudi ndiyo. Na nikirudi mbio mbio, napo hunyamaza. Gari lake lilikuwa na visa toka zamani. Siku za mwisho akipanda lilikuwa linasema 'pii' kidogo, naye anacheka, anasema linanisalimia mimi mwenye mali."

Fundi Hasi alisimama kama aliyechomwa sindano. Akipanda linalia. Yeye mwenyewe amepanda na kushuka mpaka magoti yanauma, na halikulia. Kwa nini? Kwa sababu hasi ilikuwa imelala chini ya kitambaa! Adabu yake mwenyewe, ile aliyoisifu mbele ya madereva wote, ndiyo iliyomzibia masikio. Gari lisilo na umeme haliumi, lakini pia halisemi linapoumwa.

Alirudi mbio. Alichomoa waya wa honi, na mahali pa honi akaunganisha testa yake, kile kitaa kidogo chenye waya mmoja wa kubana kwenye bodi. Alihakikisha hakuna mkono wala kifaa juu ya nyaya, ndipo akarudisha hasi. Safari hii hakusimama nyuma ya boneti. Alilala kifudifudi kwenye vumbi mbele ya gari, jicho moja kwenye taa na jingine kwenye upenyo.

"Shemeji! Njoo na ndoo yako. Fanya kama kila siku, usibadilishe kitu."

Wajomba barazani waligeuza shingo. Miguu ya Mama Pacha ilionekana ikija, ndala zimelowa. Ilifika usawa wa mlango wa dereva, ikasimama. Upenyo ni mrefu na ndoo ni nzito, na pale ndipo alipozoea kubadili mkono. Aliitua ndoo juu ya ngazi ya chuma.

Taa ikawaka.

Hakuna sauti, ni mwanga tu wa njano kwenye kivuli cha boneti, umetulia, kama jicho lililofumbuliwa. Mtu mmoja barazani alimwomba Mungu. Mama Pacha aliinua ndoo, na jicho likafumba.

Fundi Hasi alivua hasi tena, akaingia uvunguni. Ngazi ilikuwa imepoteza bolti moja, na ilipolemewa ilishuka kidogo, si zaidi ya unene wa kidole. Waya wa kitufe ulipitishwa hapo hapo, katika tundu la bati lisilo na raba. Ukingo wa bati ulikuwa umeukata ngozi, na kila ngazi iliposhuka, shaba tupu iligusa chuma. Kwa waya ule, kugusa chuma ni sawa na kubonyeza kitufe. Aliisogeza tochi karibu. Shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani. Kidonda hiki hakikuwa cha jana, kilikuwepo mwenyewe akiwa hai.

Alitoka amejaa vumbi mpaka kope, akarudisha honi na hasi, akaichukua ile ndoo, akampelekea Mwenyekiti.

"Kaka, beba."

"Mimi?"

"Gari halina ugomvi na wewe. Ulipita mwenyewe, likakaa kimya. Beba, ukifika mlangoni itue kwenye ngazi upumzike."

Mbele ya wajomba hakuweza kukataa. Alibeba ndoo, amepinda upande mmoja, akaitua. Honi ililia kwa nguvu zake zote. Mwenyekiti aliruka, maji yakamlowesha suruali ya kikao tangu kiunoni hadi viatuni. Pacha walicheka, kicheko kikubwa kilichowashangaza hata wao wenyewe.

"Mmeona," alisema Fundi Hasi. "Halimlilii mwenye hatia. Linamlilia anayebeba maji. Na katika nyumba hii anayebeba maji ni mmoja."

Hakuna aliyekohoa.

Mama yao ndiye aliyeuliza, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Na siku ile? Siku ile hapakuwa na ndoo."

Fundi Hasi alijua swali hili litakuja. Aliogopa jibu lake kuliko alivyoiogopa honi. Aliwaeleza kuhusu usukani usiolia na kitufe kinachohitaji kidole, hakuficha, huku akimwona Mama Pacha akiushika ukuta. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Wewe ndiye uliyemwinua. Mikono yake ilikuwa wapi?"

"Ameukumbatia usukani," alisema Mwenyekiti. "Yote miwili. Nilihangaika kuifungua."

"Na mguu wa nje?"

"Kwenye hiyo ngazi. Ameukanyagia."

"Honi ilinyamaza ulipoinua kifua chake, au ulipoutoa mguu?"

Mwenyekiti aliitazama suruali yake. Maji yalikuwa yakimdondoka kwenye pindo. Ule mfupa ulimtoka hatimaye.

"Mguu," alisema. "Nilimwinua kifua, kichwa chake kiko begani kwangu, ameshakata roho, na honi bado inalia. Inalia haijaguswa na mtu. Nilipouondoa mguu ndipo ikanyamaza. Sikumwambia yeyote. Nilidhani ni yeye anasema kitu. Kila siku naisikia ile honi. Nilitafuta wa kumtupia, nami nikapata."

"Hakuwa anaita," alisema Fundi Hasi, na alisema akimtazama shemeji yake, si wazee. "Angeita angepiga pi-pii, kama siku zote. Alijisikia vibaya, akafungua mlango ashuke, akakanyaga ngazi, moyo ukasimama. Mliyoisikia ni uzito wake tu. Hata ungekuja mbio, shemeji, ungemkuta amekwisha kwenda."

Mama yao aliinuka, akaenda hadi kwa mkwe wake. Hakuwa mwanamke wa maneno matamu. Alimfuta vumbi la ukuta begani, akasema, "Mwanangu, umeshinda na njaa," na kikao kikaishia hapo bila kufungwa na mwenyekiti wake.

Wengine walipoingia ndani, Fundi Hasi alimaliza kazi. Alivua hasi, akakata kipande cha waya kilichooza, akaunga kipya, akakivalisha raba kwenye tundu, akakaza ngazi kwa bolti mpya. Akarudisha hasi. Akabonyeza kitufe cha mdogo wake mara mbili, pi-pii, na barazani mtu akalia kwa sauti.

Alikuwa akifunga sanduku alipomwona Mama Pacha amerudi na ndoo iliyojaa. Aliitua kwenye ngazi. Kimya. Akainyanyua, akaitua tena, kwa kishindo kidogo. Kimya. Akabaki ameinamisha kichwa, kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina watu.

"Haitalia tena, shemeji," Fundi Hasi alimwambia, akidhani anakagua kazi. "Kwa hilo nakuhakikishia."

"Najua." Aliuweka mkono wake kwenye mlango wenye vumbi. "Mlidhani naiogopa. Mwanzoni, ndiyo. Halafu nikawa kila inapolia namwomba msamaha kimoyomoyo, kwa lile shuka. Nilikuwa nabeba hata maji yasiyohitajika. Nilijua ananisikia."

Fundi Hasi aliliweka sanduku chini. Katika miaka yake yote hakuna aliyewahi kumlaumu kwa kutengeneza.

"Sasa ndiyo amekufa," alisema Mama Pacha, na hapo akalia kilio ambacho msibani hawakumruhusu kukilia.